Jina la Mzee Beartla

Éadaoin alikuwa na namna yake ya kupima majina. Likimpendeza jina, hakuridhika nalo mpaka aliite. Alifungua mlango wa jikoni unaotazama malisho, akashika kiuno kwa uzito wa mimba, akapaza sauti kana kwamba mtoto tayari yuko huko nje anachezea matope na chakula kimekwisha pakuliwa.

"Fiachra!"

Kondoo mmoja aliinua kichwa, akarudia majani yake.

"Halifai," Éadaoin akasema. "Linakwaruza. Siku nikiwa na hasira litanitoa damu kooni."

Mumewe, Coilín, alikuwa mezani akimenya viazi. "Basi usiwe na hasira."

"Mtoto mwenye baba kama wewe, nitaachaje kuwa na hasira?" Akaugeukia tena mlango. "Caoilte!"

Hilo nalo lilikwenda na upepo. Daktari alikwisha kuwaambia ni wa kiume, na tangu siku hiyo nyumba yao ilijaa majina kama kibanda cha kuku. Walikuwa wamewahi kushikilia Tadhg kwa wiki nzima, wakaliacha kwa sababu mbwa wa jirani alikuwa nalo. Dada yake Éadaoin, aliyeolewa Uingereza, alipiga simu kutoka Leeds kuonya: "Jamani, msimpe mtoto jina ambalo mwalimu wake atalisoma huku jasho linamtoka. Nyie majina yenu yanaandikwa herufi kumi, yanatamkwa mbili." Éadaoin akamjibu kwamba mwalimu wa mtoto atakuwa wa hapa hapa kijijini Doire Liath, na wa hapa wamezizoea herufi zao.

Jioni hiyo alisimama mlangoni muda, akifikiri. Kisha, kama mtu anayejaribu kiatu alichokwisha kukinunua moyoni, akaita:

"Beartla!"

Toka ng'ambo ya malisho, nyuma ya ukuta wa mawe, sauti nzito ikaitika: "Nakuja! Kuna nini?"

Akatokea mzee na kofia yake ya kitambaa, anauruka ukuta kwa shida, fimbo kwapani. Alikuwa baba yake Coilín, na nyumba yake ilikuwa palepale mwisho wa malisho. Éadaoin alicheka hata akalishika tumbo kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu, Beartla. Njoo ule viazi."

Alimwita kwa jina, kama wakwe wote wa kule, lakini yeye alilitamka kwa utamu, akilivuta kidogo kwa lafudhi ya Cork, kusini mwa nchi, alikozaliwa. Mzee aliivua kofia, akaketi. "Wewe msichana wa Cork," akasema, "utaniua. Nilidhani mtoto amefika."

Alikula, akasifu siagi, akaondoka kabla ya giza. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Éadaoin alimtazama mumewe kwa macho yanayong'aa.

"Nimelipata," akasema. "Na limeitikiwa."

Coilín aliinuka akaanza kuosha sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

*

Katika Doire Liath, mtoto wa kwanza wa kiume huwa somo wa babu yake mzaa baba. Si sheria, wala hakuna anayelazimishwa, lakini ndivyo watu walivyofanya tangu hapo, na anayekwenda kinyume huulizwa sababu. Kwa hiyo Éadaoin hakuwa ameomba jambo la ajabu. Aliomba jambo ambalo mwanamume mwingine yeyote wa kijiji kile angeliona heshima.

Ila Coilín jina lile alilijua kwa upande mwingine.

Alipokuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, kijiji kilijenga ukumbi mpya. Siku ya ufunguzi watu walikuja kutoka vijiji vyote vya Connemara, na Beartla, mpiga kodiani ambaye hapakuwa na harusi bila yeye, alipandishwa jukwaani. Alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Hilo halikuwa jipya. Lakini katikati ya wimbo alisimama, akacheka peke yake kwa jambo alilolijua yeye tu, na suruali yake ya kijivu ikaanza kugeuka nyeusi, tangu mapajani kushuka magotini mpaka viatuni. Yeye hakujua. Aliendelea kupiga, na alipiga vizuri. Wachezaji waliacha kucheza wawili wawili, ukumbi ukanyamaza, na kodiani ikabaki inaimba peke yake. Ndipo mkewe, Baibín, alipopanda jukwaani, akamshika mkono, akamteremsha kama mtoto. Coilín alikuwa mstari wa mbele, na shati jeupe.

Siku chache baadaye, shuleni, mtoto mmoja alimwagikiwa maziwa mapajani. Peaitsín, mtoto wa mwenye kituo cha mafuta, akasema: "Tazama, kafanya Beartla." Darasa lilivunjika kwa kicheko, na neno likapata miguu. Anayejikojolea, kafanya Beartla. Anayeanguka dimbwini, kafanya Beartla. Miaka ikapita, wakazaliwa watoto waliolitumia neno bila kujua kwamba Beartla ni mtu, ana nyumba, ana kondoo, na mkewe husali safu ya tatu kanisani.

Mzee aliacha pombe mwaka Baibín alipougua ugonjwa uliomwua. Aliacha moja kwa moja, na kodiani akaiuza. Wakati huo Coilín alikuwa Boston akifanya kazi ya fundi umeme. Alirudi kwa mazishi, akabaki, akakutana na Éadaoin mjini Galway, akamleta kijijini, ambako mkewe alipata kazi katika duka la dawa. Juu ya baba yake alimwambia neno moja tu: "Zamani alikuwa mlevi. Siku hizi hagusi." Éadaoin hakuuliza zaidi, naye akashukuru.

*

Sasa ilimbidi atafute maneno. Kwanza alisema ni jina la kizee.

"Majina yote mazuri ni ya kizee," Éadaoin akasema.

Akasema watoto watamcheka.

"Watacheka nini?"

"Watoto hawakosi la kucheka."

"Basi tutamfundisha kucheka naye." Éadaoin aliweka mguu wake uliovimba juu ya kiti. "Coilín, sema kweli. Una neno gani na jina hili?"

Angeweza kusema. Waswahili husema mficha uchi hazai; huyu alikuwa anazaa, na bado anaficha. Akajibu neno la kwanza lililomjia mdomoni: "Mzee mwenyewe hataki. Niliwahi kumgusia. Alisema majina yafe na wenyewe."

Éadaoin akaushusha mguu. "Alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Masikini," akasema, na macho yakamlenga machozi. Coilín akatoka nje kwenda kutazama kitu ambacho hakikuwa na haja ya kutazamwa.

Uongo wa kwanza ulizaa wa pili upesi. Ilikuwa mwisho wa majira ya kuchipua, wakati wa kusimamisha udongo wa kinamasi, ule mweusi unaokatwa kama matofali na kuachwa jua na upepo viukaushe uwe kuni za mwaka mzima. Baba na mwana walikuwa bondeni, migongo imeinama, wakiegemeza tofali moja kwa jingine. Mzee hakuwa msemaji wakati wa kazi. Siku hiyo alijikohoza mara nyingi.

"Sina haki ya kuuliza," akasema, bila kuinua uso. "Mtu aliyeishi kama nilivyoishi hana haki. Lakini huyo kijana anayekuja. Mmeshaamua mtamwita nani?"

Coilín aliegemeza tofali. Likaanguka. Akaliegemeza tena.

"Éadaoin hataki jina la ukoo," akasema. "Mimi sina neno. Ni yeye. Unajua watu wa Cork, wana mambo yao."

Upepo ulipita juu ya majani. Mzee aliendelea kufanya kazi mpaka mwisho wa mstari wake, akanyoosha mgongo kwa mikono.

"Ana haki yake," akasema. "Tumbo ni lake."

Walirudi nyumbani kwa njia moja, na hawakuzungumza tena ila juu ya mvua.

*

Jumapili iliyofuata sahani ya mzee ilipoa mezani. Alituma salamu kwamba tumbo linamsumbua. Jumapili ya pili alisema ana kondoo anayechechemea. Mayai aliyokuwa akiyaleta mkononi mwake na kuyapokeza kwa masihara, sasa Éadaoin aliyakuta yamewekwa kizingitini, ndani ya bakuli, mtu hayupo. Akikutana naye njiani, mzee aliivua kofia na kusimama kando.

"Habari za asubuhi, bibi Éadaoin."

"Bibi?" Éadaoin alimwuliza mumewe jikoni. "Tangu lini mimi ni bibi kwake? Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Wazee wana siku zao."

"Ni Kiayalandi changu? Najua nimekisoma shuleni na nakisema kama mtu wa Cork, lakini alikuwa akinicheka mbele yangu, si kujificha."

"Si hilo."

"Basi ni nini?"

"Sijui," Coilín akasema, na alipolisema neno lile aliiona sura yake kwenye kioo cha dirisha, akaiepuka.

Siku ya mapumziko yake Éadaoin alioka mkate wa magadi, akaufunga kwenye taulo ungali moto, akavuka malisho polepole huku ameshika tumbo. Mzee alifungua mlango, akashtuka, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Alimwandalia chai kwenye kikombe cha wageni. Walikaa. Mkate ulikatwa na hakuna aliyeula.

Mwishowe mzee ndiye aliyesema. "Usijisumbue kwa ajili yangu. Kuhusu hilo jina, nakuelewa. Hata mimi ningekuwa wewe nisingelitaka. Sina kinyongo. Nimeona tu nikae kando kidogo mpaka nilizoee."

Éadaoin alikuwa na kikombe mdomoni. Alikunywa funda moja, akakirudisha mezani taratibu. Alielewa yote palepale, kama mtu anayewasha taa chumbani na kukuta vitu vimehamishwa. Angeweza kusema neno moja tu, na mzee angejua ni nani aliyemkataa. Aliitazama mikono yake mikubwa juu ya meza, kucha zimejaa udongo mweusi.

"Ahsante kwa kunielewa, Beartla," akasema.

*

Coilín aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi jikoni, hajapika. Koti hajalivua.

"Baba yako amenisamehe," akasema.

"Amekusamehe nini?"

"Kwa kulikataa jina lake."

Coilín alikuwa ameshika begi la vifaa. Hakuliweka chini wala hakusogea.

"Na mimi uliniambia yeye ndiye hataki," Éadaoin akaendelea, kwa sauti ile ile ya chini. "Kila mmoja umempa adui wake. Mimi baba mkwe asiyejipenda, yeye mkwe mwenye kiburi. Wewe ukakaa katikati, msafi."

"Sikutaka..."

"Najua hukutaka. Kaa."

Alikaa. Ikamlazimu asimulie habari za ukumbi, na aliisimulia vibaya, akiruka mahali na kurudi, kama anayetembea juu ya mawe ya mto. Alipofika kwenye neno lenyewe, Éadaoin akainua mkono.

"Nalijua hilo neno."

"Unalijuaje?"

"Coilín, mimi nauza dawa. Mama analeta mtoto anayelowesha kitanda, anasema kila siku anafanya Beartla, nifanyeje? Mwezi wa kwanza tu nilipofika hapa. Nilimwuliza mwenye duka, akaona haya, akanieleza." Alimtazama. "Nililijua jina lote, na harufu yake, nikalipenda hivyo hivyo. Kwa sababu ya mtu ninayemwona akivuka malisho na mayai. Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Nimengoja tangu tuoane."

Ndipo Coilín aliposhindwa kuinua uso. Alikuwa amezoea kuona aibu kwa ajili ya baba yake. Ilikuwa aibu ya mtu aliyetendewa, na ina starehe yake. Hii ilikuwa nyingine. Na kwa kuwa alikwisha kuvuliwa nguo, akaona amalizie.

"Kuna lingine," akasema. "Shuleni. Baada ya muda walichoka kunicheka mimi, wakahamia kwa wengine. Siku moja mtoto mdogo wa darasa la kwanza alijikojolea uani, analia. Walikuwa wamemzunguka. Na mimi nikasema. Mimi ndiye niliyesema, kafanya Beartla. Wakacheka, wakanipiga mgongoni. Nilifurahi. Nikageuka, nikamwona baba yuko langoni, kaniletea koti la mvua."

"Alisikia?"

"Sijui. Alinipa koti."

Éadaoin akavua koti lake mwenyewe. "Nenda kamwambie," akasema. "Si hilo la zamani. Hili la sasa. Sitaki mtoto wangu azaliwe juu ya uongo nilioubeba mimi."

"Nitakwenda."

*

Hakwenda. Aliingia malishoni siku ya kwanza, akaona moshi wa mzee, akakumbuka simu ya kupiga. Siku nyingine mvua ilikuwa kubwa. Siku nyingine tena alifika mlangoni kabisa, mzee akafungua, na Coilín akamwomba kuazima ngazi, ilhali alikuwa na ngazi mbili. Nyumbani Éadaoin hakumwuliza. Aliitazama ngazi iliyoegemezwa ukutani, akapita.

Mtoto hakungoja. Alizaliwa kabla ya siku zake, asubuhi ya mvua nyepesi, hospitalini Galway, mdogo lakini mzima, nywele nyekundu zimemkaa kama nyasi. Mchana Coilín alitoka chumbani kwenda kutafuta chai, akamkuta baba yake kwenye ushoroba, amesimama karibu na mashine ya vinywaji. Alikuwa amekuja kwa basi. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa kwenye mazishi ya Baibín, na kofia mikononi.

"Wako wazima?" mzee akauliza.

"Wazima wote. Mbona huingii?"

"Nitasimama hapa. Nisimchoshe. Nilitaka kusikia tu kwamba wako wazima, kuna basi la saa hizi."

Coilín alirudi chumbani na kumweleza mkewe. Éadaoin alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Hakufungua macho. "Mwambie aingie," akasema. "Na kabla hajaingia, mwambie."

Kwa hiyo aliyasema pale, kwenye ushoroba, mahali pabaya kuliko pote, wauguzi wanapita na vitoroli, mwanamke mmoja anagombana na mashine iliyommezea sarafu.

"Baba. Éadaoin hakulikataa jina lako. Yeye ndiye aliyelitaka. Ni mimi niliyekataa, nikamsingizia."

Mzee aliizungusha kofia yake mikononi, ukingo mpaka ukingo.

"Najua," akasema.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu palepale kinamasini. Mtu wa Cork ataona haya ya nini na jina langu? Hakuwepo. Wewe ulikuwepo, na shati jeupe."

"Mbona basi ulimnunia yeye?"

Mashine ilitema sarafu, mwanamke akaondoka. "Kwa sababu nilitaka awe yeye. Nikikataliwa na mtoto wa watu, nameza, siku zinapita. Nikikataliwa na wewe, hilo nitalimezaje? Nikajilazimisha kuamini. Nikamnunia binti aliyeniokea mkate." Alitikisa kichwa. "Si wewe peke yako mwenye la kujutia hapa. Na jina lenyewe, nilipewa safi. Babu yangu alikuwa nalo, na akiingia mahali watu walisimama wampishe kiti. Mimi ndiye niliyelilowesha."

Waliingia chumbani wakifuatana kama washitakiwa wawili.

Mzee alisimama miguuni pa kitanda. "Nimekuja kukuomba radhi," akamwambia Éadaoin. "Nilijua si wewe."

"Mimi nami nilijua si wewe," Éadaoin akasema. "Kaa, Beartla. Mikono imechoka, mshike."

Mzee alimpokea mtoto kama mtu anayepokea kitu cha moto, viwiko nje, kisha viwiko vikashuka. Éadaoin alimgeukia mumewe. Alimngoja tu.

"Ataitwa Beartla," Coilín akasema.

Lakini lilitoka likiwa limechelewa. Kulikuwa na pengo kabla yake, dogo, la pumzi moja, na wote watatu walilisikia.

"Hapana," mzee akasema kwa upole, macho kwa mtoto. "Asipewe kwa kunihurumia. Mtafutieni lake mwenyewe, lisilo na mtu ndani."

Na Coilín akahisi nafuu. Ilimshuka mabegani mpaka vidoleni, tamu, kama mtu anayevua viatu vilivyolowa. Hakuweza kuizuia isifike usoni. Aliinua macho akakuta mkewe anamtazama, ameiona. Éadaoin akageuza kichwa kuelekea dirishani.

Mtoto akaitwa Ruadhán, kwa nywele zake nyekundu.

*

Wiki ya ubatizo Coilín alisimama kituo cha mafuta. Peaitsín, ambaye sasa kituo ni chake, alitoka akijifuta mikono.

"Hongera, bwana. Nasikia mmemwita Ruadhán. Nilidhani utampa la mzee." Akakonyeza. "Umefanya vizuri. Angevaa nepi mpaka siku ya harusi."

Coilín akacheka.

Kicheko kilitoka chenyewe, kabla hajakiruhusu, kicheko kile kile cha uani. Peaitsín akampiga mgongoni, akaenda kumhudumia mwingine. Coilín aliingia garini akakaa, funguo mkononi. Kiti cha mtoto kilikuwa nyuma, kipya, kingali na karatasi zake. Gari la nyuma yake likapiga honi, likapiga tena, ndipo akaondoka.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa maana ubatizo ulifanywa baada ya misa na watu hawakuwa na haraka ya kurudi mvuani. Éadaoin alimshika mtoto. Mzee Beartla alikaa benchi la pili na suti yake. Padri akauliza, kama wanavyoulizwa wazazi wote:

"Mtoto huyu mmempa jina gani?"

Walikuwa wamepatana Coilín ndiye ajibu. "Ruadhán," akasema. Padri akachota maji. "Beartla," Coilín akaongeza. "Ruadhán Beartla."

Padri aliusitisha mkono, akamtazama Éadaoin. Naye, ambaye hakuwa ameambiwa, aliitikia kwa kichwa. Toka mabenchi ya nyuma ilisikika pua ya mtu ikitoa pumzi, na mwingine akakohoa kufunika kicheko chake. Coilín aliyasikia masikio yake yakiwaka. Hakugeuka nyuma, ingawa shingo ilimtaka ageuke. Maji yakamwagwa, mtoto akalia, na kilio chake kikajaza kanisa.

Nje, watu wakipeana mikono, mzee alikuja akasimama karibu naye, wote wawili wakitazama mvua ikitokea upande wa milima.

"Hukuhitaji kufanya vile."

"Najua."

"Na umelitia la pili."

"La kwanza sikuliweza, baba."

Mzee aliivaa kofia yake. "Hilo la pili nalo umelisema chini chini."

"Walilisikia lakini."

"Walilisikia," mzee akakubali. "Nimewasikia wakilisikia." Kisha Éadaoin akaja, akampa mzee mtoto amshike ili yeye afungue mwavuli, na mzee akaondoka naye kuelekea garini, akimfunika kwa koti lake.

Tangu hapo alirudi mezani Jumapili, na Éadaoin akawa tena msichana wa Cork. Kati ya baba na mwana kulibaki jambo moja. Éadaoin alilikumbusha mara moja tu, vuli ilipokaribia kwisha, akiwa anamnyonyesha mtoto.

"Lile la shuleni. Siku ya koti. Umemwambia?"

"Bado."

Hakumsukuma. Coilín mwenyewe alimwambia baba yake, siku ya baridi kali, walipokuwa wakisimamisha upya nguzo ya lango la malisho. Aliyasema huku ameikumbatia nguzo, shavu karibu na mti, asiweze kukimbia wala kufunika uso. Mzee alikuwa ameinua nyundo. Aliishusha polepole, akaiegemea, akatazama ardhi kwa muda mrefu, na pumzi yake ikatoka nyeupe.

"Nilisikia," akasema.

Coilín alingoja neno jingine. Halikuja. Mzee aliinua tena nyundo, akarudi hatua moja kuipima nguzo kwa jicho.

"Inalala upande wako," akasema. "Inyooshe."

Akainyoosha.